Mshirika naye ana kodi ya ofisi ya kulipa

Chukua bajeti ya mradi wowote unaolipiwa na serikali ya nje kupitia shirika la huko kwao, kisha utafute ukurasa wa mshirika wa hapa nchini. Utakuta semina, nauli, posho za wawezeshaji, mbegu, madawati, vibao vya mradi vyenye nembo ya mfadhili. Shuka hadi chini kabisa, kwenye mstari wa gharama za uendeshaji. Mara nyingi mshirika amewekewa sifuri, au mstari wenyewe haupo. Kwa shirika la Ulaya au Marekani lililosaini na serikali yake, mstari upo na una asilimia yake inayojulikana.

Nimefanya uhasibu kwenye asasi ndogo kwa muda wa kutosha kuona sifuri hiyo inavyozimaliza taasisi nzuri. Kwa hiyo nasema wazi: serikali inayotoa ruzuku kwa mashirika yake ili yafanye kazi na washirika wa nje iweke sharti kwamba asilimia ya uendeshaji imfikie mshirika kama inavyomfikia mpokeaji mkuu, yaani lile shirika lililosaini na serikali yake. Bila sharti hilo, mshirika ni kibarua tu.

Kanuni zenyewe watu wengi wa upande wetu hawazijui. Umoja wa Ulaya, kwenye ruzuku zake za maendeleo, huruhusu hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja ziende kwenye uendeshaji, bila kudai risiti ya kila kitu. Marekani ilikuwa ikitoa asilimia 10 kwa taasisi isiyo na kiwango maalumu ilichokubaliana na serikali, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 ikapandisha hadi 15. Mashirika makubwa yenye makubaliano yao hupata zaidi. Tena kanuni hizo hizo za Marekani zinamtaka mpokeaji mkuu anayegawa fedha kwa mshirika akubali mshirika naye adai asilimia yake, wala asimlazimishe kuchukua pungufu. Haki ilikuwa imeandikwa kabisa. Hata hivyo nimeshika mikataba ambayo haikuitaja hata kwa neno moja, na viongozi wa asasi wakaisaini kwa sababu waliogopa kwamba ukiuliza sana unaonekana mgumu, na mradi unapelekwa wilaya nyingine.

Ujerumani ina sura yake. Wizara ya maendeleo ya huko, BMZ, kwa miaka mingi imekuwa ikilipia hadi asilimia 75 ya mradi wa shirika binafsi la Kijerumani linalofanya kazi na mshirika wa nje, na robo inayobaki shirika linajitafutia lenyewe. Utaratibu huu naupenda kwa jambo moja: unawafanya watu wa kawaida kule, waumini wa parokia na vikundi vya kujitolea, wachangie na waujue mradi kwa jina. Lakini robo hiyo hubana. Shirika likihangaika kuijaza, kinachokatwa kwanza ni kile kisichoonekana kwenye picha, yaani mshahara wa mhasibu wa mshirika, bima ya wafanyakazi, pango. Wajapani, kwa mpango wao wa ruzuku ndogo zinazotolewa na ubalozi moja kwa moja kwa asasi na taasisi za hapa, wamemwondoa mtu wa kati, na nawapongeza kwa hilo. Ila nao hawalipi mishahara wala gharama za kila siku. Unapata jengo zuri, na kuliendesha ni juu yako.

Nieleze gharama za uendeshaji ni kitu gani hasa, maana wapo wanaodhani ni gari la mkurugenzi.

Ofisa wa mradi amekwenda vijijini kwa siku mbili. Anarudi na karatasi. Ya mafuta imetoka kwenye EFD, ile mashine ya risiti za kodi, na karatasi ya EFD haivumilii joto. Ukiiacha kwenye faili lililo karibu na dirisha, baada ya miezi michache maandishi yamefutika na mkaguzi atashika karatasi nyeupe. Kwa hiyo mhasibu anaitoa fotokopi siku hiyo hiyo, anazibana pamoja, anaandika namba ya vocha juu. Dereva wa bodaboda hana mashine, kwa hiyo inajazwa hati ya malipo yenye jina, namba ya simu, kutoka wapi hadi wapi, sahihi, na kwa asiyejua kuandika, dole gumba. Mama lishe aliyepikia kikao naye vivyo hivyo. Hati ya mahudhurio iwe na sahihi za washiriki wote, na idadi ya sahani ilingane na idadi ya sahihi. Kisha bei zote zigeuzwe kuwa fedha ya mfadhili kwa kiwango cha kubadilishia kilichokubaliwa, kila mwezi, na tofauti ielezwe.

Hiyo ni safari moja tu. Karatasi, wino wa mashine, umeme, intaneti ya kutuma ripoti na saa za huyo mhasibu zote ni uendeshaji. Mfadhili anazitaka hesabu hizo, na ana haki ya kuzitaka kwa sababu fedha ni ya walipa kodi wake. Ubaya ni kuzitaka bila kuzilipia.

Asasi inayowekewa sifuri hufanyaje? Huchanga. Mradi wa kwanza unalipa theluthi ya mshahara wa mhasibu, wa pili theluthi nyingine, wa tatu haujaanza, na mtu anafanya kazi kamili kwa mshahara wa vipande. Pango linabandikwa jina la "ukumbi wa mafunzo". Umeme wa Luku unaingizwa kwenye "vifaa vya semina". Watu waaminifu kabisa, waliolelewa kuogopa mali ya umma, wanafundishwa na bajeti yenyewe kuandika uongo mdogo kila mwezi ili ofisi isifungwe. Siku mkaguzi anaugundua, inasemwa kwamba asasi za Afrika hazina uwezo wa kusimamia fedha. Jambo hili linaniuma kuliko yote niliyoyaona katika kazi hii.

Mwaka 2025 ulionyesha madhara yake. Tarehe 20 Januari Rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na barua za kusimamisha kazi zikafuata. Machi, Waziri wa Mambo ya Nje wa huko, Marco Rubio, akatangaza kwamba asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la serikali hiyo la misaada, zimefutwa, na tarehe 1 Julai shirika likaacha kutekeleza misaada. Hata fedha za kazi iliyokwisha kufanyika, karibu dola bilioni 2, zilikwama hadi Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuizuia amri ya mahakama ya chini ya kuzilipa. Shirika kubwa lenye akiba liliweza kusubiri mahakama. Mshirika wa wilayani, aliyekatazwa kwa miaka yote kubakiza hata senti ya mradi na asiye na asilimia ya uendeshaji ya kujiwekea, angesubiri kwa kitu gani? Akiba hujengwa na mstari ule ule wa chini.

Ahadi hazikukosekana. Mwaka 2016, kule Istanbul, wafadhili wakubwa wa misaada ya dharura walikubaliana kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha iwafikie watoa huduma wa nchi husika kwa njia iliyo ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Haikufikiwa. Mwaka 2021 Samantha Power, aliyeongoza USAID, akaahidi robo hiyo hiyo ifikapo 2025. Mwaka wa fedha wa 2023 walikuwa asilimia 9.6, chini ya 10.2 ya mwaka uliotangulia.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuza. Asasi za mfukoni zipo. Kuna bodi ambazo mwenyekiti ni mume, mweka hazina ni mke na katibu ni shemeji. Kuna magari ya mradi yanayobeba mahindi ya harusi. Mfadhili aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona jani. Lakini dawa ya wizi ni mhasibu anayelipwa vizuri, bodi inayokutana na ukaguzi wa hesabu wa kila mwaka, na vyote hivyo vinalipiwa na mstari ambao wanaukata. Na sisi tutimize wajibu wetu: mapato na matumizi ya mradi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, ambako wananchi wamezoea kusoma hesabu za kijiji chao.

Kwa viongozi wa asasi walio na mkataba mezani sasa hivi: msisaini ukurasa wenu peke yake. Ombeni bajeti ya mkataba mkuu wote, mwone asilimia ya uendeshaji ni ngapi na inaishia wapi. Mkiambiwa ni siri, tafuteni. Ruzuku za serikali ya Marekani ziko kwenye tovuti ya USAspending, Umoja wa Ulaya nao huchapisha majina ya waliopokea fedha zake na viwango, na wafadhili wengi huweka takwimu zao kwenye IATI, mfumo wa kimataifa wa uwazi wa misaada, ambao mtu yeyote mwenye simu anaweza kuufungua. Mkishapata tarakimu, liandikieni barua shirika mnaloshirikiana nalo, mwombe asilimia ile ile, na nakala ipelekwe ubalozini.