Nani Alimtuma Chawa?

"Msomi mzima, na shahada zako zote, bado unaamini hayo?" Swali hili linaulizwa sana siku hizi Mbeya na Iringa, hasa na vijana waliotoka vyuoni karibuni. Linawaangukia madaktari, wahandisi, walimu wa fizikia na mabwana shamba wanaoonekana Jumapili kwenye kwaya au Ijumaa wakiwahi swala. Muulizaji anachukulia kwamba elimu ikiingia kichwani, imani inapaswa ifungashe virago. Ni dhana ngeni kwetu, na hata maneno yetu yanaikataa.

"Chuo" katika Kiswahili cha zamani kilikuwa kitabu, kisha mahali pa kusomea Kurani. Mpaka leo mwanachuoni ni mtu aliyebobea katika elimu ya dini, na mwanachuo ni kijana wa chuo kikuu. Huku Nyanda za Juu Kusini historia ilipita mlango mwingine ikafika palepale. Wamoraviani walipoweka kituo chao Rungwe mwaka 1891, kanisa na shule vilikaa kiwanja kimoja, na mtoto alijifunza kusoma kwa sababu kulikuwa na Neno la kusomwa. Leo Chuo Kikuu cha Iringa ni cha Walutheri, Ruaha ni cha Wakatoliki, Teofilo Kisanji pale Mbeya kilianzishwa na Wamoraviani. Mtu aliyepata hesabu na sala kwenye dawati moja haoni ni lini aliambiwa achague.

Lakini hiyo inaeleza tu namna alivyoingia. Haielezi kwa nini anabaki akishakuwa na akili yake na mshahara wake.

Miaka ya mwanzo ya 1930, mtafiti Monica Wilson alikuwa Pondoland, Afrika Kusini, kabla hajaja na mumewe kuishi kwa Wanyakyusa wa Rungwe. Huko mwalimu mmoja wa shule alimwambia jambo ambalo halijazeeka: inawezekana ni kweli kabisa kwamba homa ya taifasi inaenezwa na chawa, lakini nani alimtuma huyo chawa mwenye ugonjwa? Kwa nini amuume huyu, amwache yule?

Tazameni vizuri alichofanya mwalimu yule. Hakukataa chawa. Somo la afya alilielewa na angeweza kulifundisha. Alichosema ni kwamba baada ya somo lote kuna swali limebaki mezani, na ni hilo linalomkosesha usingizi aliyefiwa. Sayansi ikifika hapo inasema "bahati", au "uwezekano", na jibu hilo ni la kweli. Ila halijawahi kumkalisha mtu chini akatulia. Naona hapa ndipo imani ya wasomi wengi inapoishi, na si kwenye mapengo ya ujinga wao.

Wasiwasi wangu uko kwenye zamu ya swali hilo. Mchukueni mkulima wa viazi kwenye milima ya Umalila. Shamba lake limeungua kwa ugonjwa wa bakajani chelewa, la jirani limesimama kijani. "Kwa nini mimi?" ni swali la haki, lakini sehemu kubwa yake ina majibu ya bwana shamba. Ugonjwa huo unapenda baridi ya nyuzi 10 hadi 20 na majani yaliyokaa na unyevu saa nyingi, kama asubuhi za ukungu za huko. Je, mbegu ilitoka wapi? Ilikuwa aina gani? Dawa ya kinga ilipigwa kabla ya mvua mfululizo au baada ya madoa kuonekana, wakati ambapo dawa ya kukinga haiponyi tena jani lililokwisha kuingiwa? Bomba lilifika upande wa chini wa majani? Anayeruka maswali haya yote na kwenda moja kwa moja kwenye "nani" ameuliza mapema mno. Na anayeuliza mapema kwa kawaida anampata mtu: shangazi, jirani, bibi kizee anayeishi peke yake. Mwanzoni mwa 2019 Njombe ilizika watoto waliouawa kwa imani za kishirikina. Swali la "nani" likielekezwa kwa binadamu badala ya kwa Mungu, linaua. Kwa maoni yangu, kazi kubwa ambayo dini imefanya vizuri kwetu, pale ilipoifanya vizuri, ni kumwondoa jirani kwenye jibu.

Namna ya kuweka zamu hizo inaonekana waziwazi kwenye chumba cha upasuaji cha hospitali ya kanisa, na huku kusini tunazo nyingi. Siku inaanza kwa sala, wimbo mmoja na somo fupi. Kisha kazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, katika vituo vitatu. Kabla ya dawa ya usingizi: mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini na upande gani, ameridhia, ana mzio, kipimo cha oksijeni kiko kidoleni na kinafanya kazi, na kama mtu mzima anaweza kupoteza damu zaidi ya mililita 500. Kabla ya kisu kugusa ngozi: kila mmoja anataja jina lake na kazi yake, na inathibitishwa kwamba antibayotiki ya kinga imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita. Ikitolewa mapema mno, dawa inakuwa imepungua mwilini kabla kazi haijaisha. Ikitolewa kisu kikishapita, vijidudu vimekwisha kutangulia. Kabla mgonjwa hajatoka: vifaa, gozi (vitambaa vya kufyonzea damu) na sindano vinahesabiwa kwa sauti.

Orodha hiyo ilijaribiwa kwanza katika hospitali nane duniani, nyingine zikiwa London, Toronto na Seattle. Moja ilikuwa Ifakara, chini tu ya milima ya Udzungwa, katika hospitali ya Kikatoliki ya Mtakatifu Fransisko. Matokeo yalitoka mwaka 2009: kwa hospitali zote nane pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Hospitali yenye jina la mtakatifu ilisaidia kuupa ulimwengu ushahidi kwamba gozi lazima zihesabiwe. Mahali pale sala ina saa yake na hesabu ina saa yake. Muuguzi anayesema "tumeshaomba, tuanze tu" ameiharibu sala na hesabu kwa pamoja. Na mama anayengoja nje kwenye benchi, hesabu ya gozi haimfikii. Anayemfikia ni yule mhudumu anayetoka kumshika mkono na kuomba naye.

Wanasayansi wakubwa waliokuwa waumini walilinda mpaka huu kuliko wahubiri wengi. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na mwaka 1931 akapendekeza kwamba ulianza na kitu kimoja kidogo kizito mno. Mwaka 1951 Papa Pius XII alipozungumza kana kwamba nadharia hiyo inathibitisha uumbaji, padri huyo hakufurahi hata kidogo. Aliona hatari mbele: ukiegemeza Mungu kwenye nadharia, siku nadharia ikirekebishwa unamwangusha Mungu pia. Mwaka uliofuata, Papa alipokutana na wanafalaki Roma, hakurudia dai lile. Abdus Salam wa Pakistani, aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1979, alisoma kwenye karamu ya tuzo aya za Surat al-Mulk zinazomwambia mtu arudishe macho atazame tena kama ataona ufa katika uumbaji. Hakudai kwamba hesabu zake zimo ndani ya Kurani. Alisema kinachomsukuma kutazama. Wanaosambaza kwenye simu zetu "miujiza ya kisayansi" ya vitabu vitakatifu wangejifunza mengi kwa watu hawa wawili.

Haki inanitaka niseme na takwimu za upande wa pili. Marekani, wanasayansi waliulizwa mwaka 1914 kama wanamwamini Mungu anayejibu sala, na kama 4 kati ya 10 wakasema ndiyo. Mwaka 1996 swali likarudiwa, jibu likawa karibu lilelile. Lakini miongoni mwa wajumbe wa akademia yao kuu ya sayansi, utafiti wa 1998 ulikuta asilimia 7 tu. Sitaki kuificha namba hiyo. Inaonyesha kwamba unaweza kuwa mwanasayansi wa daraja la juu kabisa bila imani yoyote. Ile ya miaka 82, kutoka 1914 hadi 1996, inaonyesha kwamba sayansi iliyokua kupita kiasi katika muda huo haikuifuta imani ya wanaoifanya. Zote mbili zisomwe pamoja.

Mwalimu wa baiolojia anayewapeleka wanafunzi Isimila, kilomita chache kutoka Iringa mjini, anawaonyesha shoka za mawe zenye umri unaozidi miaka 200,000. Jumapili anasoma Mwanzo kanisani. Augustino, mwana wa Afrika Kaskazini, alikwisha kuwaonya Wakristo miaka 1,600 iliyopita wasitumie Maandiko kubishana juu ya mambo ya nyota na dunia ambayo hata asiyeamini anayajua kwa hakika, maana watachekwa, na imani itachekwa pamoja nao. Mwalimu huyu hana cha kuficha.

Pa kuogopa ni kwingine. Njombe, kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa 2022 na 2023, ina maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati taifa ni 4.4. Palipo na VVU vingi kifua kikuu hakikai mbali, na tiba yake ya kawaida ni miezi 6: miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya mbili. Ndani ya wiki chache homa inashuka, hamu ya kula inarudi, kikohozi kinalegea. Ni wiki hizohizo mgonjwa anasimamishwa mbele ya kanisa kutoa ushuhuda kwamba amepona. Lakini bakteria waliobaki ni wale wanaokua polepole, wanaohitaji muda wote ule kuuawa. Akiacha hapo, ugonjwa unarudi, pengine ukiwa sugu, na anawaambukiza haohao waliomshangilia. Kwenye mikutano hiyo wasomi wamo, wakipiga makofi na watu wote. Shahada haijawalinda, kwa sababu hawakuuliza tarehe.

Wachungaji wasomi, wainjilisti, mashehe, hili liko mikononi mwenu. Mgonjwa akija kusema amepona, mshukuruni Mungu pamoja naye, kisha ombeni kadi ya kliniki. Angalieni tarehe ya kuanza dawa. Makohozi yanapimwa tena mwishoni mwa mwezi wa 2, wa 5 na wa 6. Ushuhuda ungoje kipimo cha mwisho, na siku hiyo asimame na karatasi ya maabara mkononi.