Upupu na Parkinson: tusimcheke Cilia haraka hivyo

Aliyesoma shule ya kijijini anaujua upupu. Mtu kaumwaga kwenye dawati, wewe unakaa, kipindi kizima unajikuna mpaka mwalimu anakutoa nje. Sasa ukisikia kuna daktari wa Milano, Roberto Cilia, aliyewapa wagonjwa wa Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa, unga wa mbegu za upupu, lazima ucheke kwanza. Wakishacheka watu wanagawanyika, hawa "si mnaona, mitishamba inaponya", wale "masikini wanapewa majani, matajiri wanameza vidonge". Kundi la kwanza nalipita haraka maana Parkinson haina dawa ya kuiponya, iwe ya duka au ya porini. La pili lina hoja, ila nadhani halijamsikiliza mzee Cilia vizuri.

Mbegu ile ina levodopa, dawa kuu ya Parkinson. Ni levodopa yenyewe, ileile iliyomo kwenye kidonge cha Sinemet, na iligunduliwa humo tangu 1937, miaka 30 kabla daktari Cotzias hajaonyesha kule Marekani kwamba dozi kubwa inayopandishwa taratibu inaulegeza mwili uliokakamaa. Kinachowasha ni manyoya ya ganda. Mwaka 2017 Cilia na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 18 wa Bolivia, mbegu zimekaangwa zikasagwa basi, na dozi moja ya unga ule ilifanya kazi sawa na kidonge, kwa dozi kubwa hata ikakizidi, na mwili kuchezacheza wenyewe kukapungua.

Halafu 2018 wakatoa jaribio la wiki 16, watu 14, kila mmoja akipangiwa unga na vidonge kwa zamu, na hapa ndipo wapinzani wanaposhika. Saba waliacha unga. Wanne tumbo liliwasumbua, watatu hali ya mwili ikazidi kuwa mbaya, na upande wa vidonge hakuacha hata mmoja. Nusu! Sababu si ya kuumiza kichwa sana, kidonge kina karbidopa inayozuia levodopa isiishie njiani kabla ya kufika kwenye ubongo, upupu hauna, kwa hiyo unahitaji kama mara tano ya kiasi na kichefuchefu juu, na tena mbegu za shamba hili si sawa na za shamba lile. Ndo maana kujichotea na kijiko nyumbani ni hatari, hilo silipingi.

Lakini hiyo nusu nimeizungusha sana kichwani. Imelinganishwa na vidonge. Waliovumilia unga walikwenda sawasawa na walivyokwenda kwa vidonge, na Cilia hajasema mwenye kidonge akiache, anamsemea asiye na kitu kabisa. Hao amewaona kwa macho, kule Ghana yeye na Dk. Momodou Cham walikuta mgonjwa anaanza levodopa kwa wastani wa miaka minne na kitu tangu augue, wakati Italia ni miwili na kitu. Na ule mwili kuchezacheza, madhara ya levodopa ambayo baadhi ya madaktari waliyaogopa wakawa wanachelewesha dawa, yalikuja karibu wakati uleule kote kuwili, kama miaka sita tangu ugonjwa uanze. Kwa hiyo kule kungoja hakukumsaidia mtu.

Upupu una pengo moja ambalo ni kubwa kuliko kichefuchefu, na halisemwi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita kwa watu kama 161,000, wakakuta wagonjwa 33, na asilimia 78 hawakuwa wameshaambiwa wana nini. Huyo mtu anaburuza miguu, uso umeganda, familia inasema uzee au karogwa. Umpe unga wa nini wakati hata jina la ugonjwa hajapewa?

Woga wangu mwingine ni wakubwa wetu kuuona upupu kama kisingizio cha kutoleta vidonge, wakati levodopa yenye karbidopa ipo kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu. Hilo si kosa la mtafiti ila linaweza kufanywa kwa jina lake.

Baba yangu mdogo anatumia vidonge. Anavinunua vya wiki, hela ikikata anavikata nusu kwa wembe juu ya sahani, na mkono ule unavyotetemeka vipande vinarukia sakafuni, basi wajukuu wanainama kumtafutia.