Weka Chini Hiyo Selotepu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Busia alinitumia picha kwa WhatsApp: kitabu cha katuni cha Spider-Man cha mwaka 1974, alichokikuta kwenye sanduku la bati la marehemu babu yake. Jalada limeachana na kurasa, pini zimeota kutu, pembe moja imeliwa na panya. "Kaka, hiki ni cha zamani sana. Nitapata dola ngapi?"

Swali hili limeshanifikia mara nyingi, na kila mara muulizaji anashikilia mwaka. Uzee peke yake hauuzi kitu. Mnunuzi akishajua ni toleo gani, kinachofuata ni hali yake: mgongo umekunjika? Pembe ni kali au zimekuwa butu? Kurasa bado nyeupe, au zimegeuka rangi ya chai?

Chukua Amazing Fantasy namba 15 ya mwaka 1962, alimotokea Spider-Man kwa mara ya kwanza. Kilipotoka kiliuzwa senti 12 za Marekani. Mwaka 2021 nakala yenye alama 9.6 kati ya 10 ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 3.6. Nakala ya toleo hilohilo iliyochakaa hupata maelfu, au makumi ya maelfu. Hadithi ni ileile, michoro ni ileile. Pesa yote hiyo ya katikati ni ya mikunjo na madoa.

Alama hizo hutolewa na kampuni kama CGC ya Marekani, iliyoanza kazi mwaka 2000. Wanakagua kitabu, wanakipa alama kuanzia 0.5 hadi 10, kisha wanakifungia kwenye kasha la plastiki. Ukilifungua, alama imekufa. Hapo ndipo wananipoteza kidogo, maana kitabu kisichoweza kufunuliwa kwangu ni picha ya ukutani tu. Na tofauti ya 9.4 na 9.6, nakiri, macho yangu hayaioni.

Wala usidhani usafi unatosha. Mwaka 1991 maduka yaliagiza nakala zaidi ya milioni nane za X-Men namba 1, na watu wengi wakaziweka kama dhahabu. Leo nyingi bado zinang'aa, na bei yake ni ya chakula cha mchana. Hali nzuri hulipa pale tu ambapo wengine walirarua zao.

Kwetu Uganda kazi ni ngumu zaidi. Karatasi za katuni za zamani zilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa tu, zikabaki na lignini, kemikali ya asili ya mti, ambayo ikipigwa na mwanga na hewa hugeuza karatasi kuwa ya njano, kisha ikavunjika kama chapati kavu. Ongeza unyevu wa ziwa ukikaa Entebbe: pini zinashika kutu, kutu inatia doa, ukungu unafuata. Wakusanyaji wa ng'ambo hutumia mifuko ya Mylar, aina ya plastiki angavu, na kadibodi zisizo na asidi. Kuviagiza kwa ajili ya kitabu cha kawaida ni kununua tandiko ghali kuliko punda. Kiweke juu ya rafu, mbali na jua na ukuta unaotoa jasho. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki wa sokoni, usiitumie, inafungia unyevu ndani.

Lakini kuliko panya na mvua, naogopa mikono yenye huruma. Nikiwa mtoto huko Bombo niliwahi kufunga selotepu kwenye katuni za mjomba wangu, nikijiona fundi. Miaka ilipopita plastiki ilibanduka yenyewe. Gundi ilikuwa imeshazama kwenye karatasi na kuacha mistari ya kahawia katikati ya nyuso za watu. Hata ukarabati wa kitaalamu, wa kupaka rangi au kukata kingo, ukigunduliwa hushusha bei. Jalada lililoachana ni kasoro moja. Jalada lililogandishwa kwa gundi ni kasoro mbili, na ya pili haiondoki.

Nilipanga makala hii iwe jibu la yule kijana: toleo lake ni la kawaida, hali ni mbaya, akisome na akihifadhi kama kilivyo. Jana jioni, kabla sijamaliza kuandika, picha ya pili ikaingia. Jalada limerudi mahali pake, limenyooka, na selotepu mpya inameremeta toka juu hadi chini.

"Kaka, nimekirekebisha. Sasa je?"