Den Haag nina njia, Kigamboni nina fundi

Kaka yangu ana hoja moja ambayo hajaibadilisha kwa miaka 14 niliyokaa Uholanzi: baiskeli ni ya watu wa baridi. Dar jua, Dar vumbi, na isitoshe mwanamke mtu mzima juu ya baiskeli atachekwa na mtaa mzima. Mwezi wa saba nilipokuja likizo nikaona nimjibu kwa miguu. Nikanunua baiskeli ya mtumba Kariakoo. Kwenye fremu ilikuwa bado na stika ya duka la Leiden, mji ulio dakika kumi na tano kwa treni kutoka Den Haag ninapokaa. Yaani tumetoka mahali pamoja bila kujuana, mimi kwa ndege, yeye kwa kontena. Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri nikatoka Kinondoni peke yangu. Nia ilikuwa kuvuka na pantoni, kupita Mji Mwema na Gezaulole, hadi Kimbiji kama magoti yatakubali.

Niseme mapema: baiskeli sikujifunza Temeke nilikozaliwa. Nyumbani ilikuwapo Phoenix ya baba, na waliopanda walikuwa wavulana. Mimi nimejifunza Den Haag nikiwa na miaka 26, kwenye uwanja wa shule, pamoja na wanawake kutoka Morocco na Somalia, huku bibi mmoja wa kizungu akitushikilia siti kwa nyuma. Kwa hiyo msinisome kama mwenyeji anayejua kila kichochoro.

Barabara ya Barack Obama, ile tuliyozoea kuiita Ocean Road, ilikuwa ya watu wa jogging asubuhi ile, na wote walinisalimia. Feri mnada wa samaki ulishapamba moto. Nikalipa, nikasukuma baiskeli ndani ya pantoni katikati ya bajaji na ndoo za dagaa. Mama mmoja akanitazama kofia ya plastiki niliyovaa, akauliza kwa upole, "Dada, kichwa kinauma?"

Upande wa pili nikakutana na kusi. Mwezi wa saba ukielekea Kimbiji unakula upepo wa uso, na hilo lilinifurahisha kidogo, maana pwani ya Uholanzi nayo haina mlima ila upepo. Unakanyaga pedali nusu saa, unatazama pembeni, mti ni ule ule.

Njia nzuri kuliko zote siku ile haikujengwa na mtu. Ilikuwa bamvua, na kufika saa nne maji yalikuwa yamekupwa mbali kabisa. Ufuo ukiachwa na maji namna hiyo unakuwa mgumu kama sakafu ya saruji. Nikashuka nao, ngalawa zimelala ubavu, akina mama wanachokoa pweza kule mwambani, tairi zinaacha mstari mmoja nyuma yangu. Nimepita matuta ya mchanga ya pwani ya Uholanzi, kutoka Scheveningen hadi Noordwijk, mara nyingi, na ninayapenda, lakini hayajawahi kunipa asubuhi kama ile.

Kisha nikafika kwenye ukuta. Ukuta wa tofali umeshuka kutoka kwenye kiwanja cha mtu mpaka mchangani, juu una vipande vya chupa, chini mawe yaliyopangwa kuzuia mawimbi. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe kutoka ukingo wa bahari, na kila dalali wa viwanja Kigamboni anaijua namba hiyo kwa kichwa. Nikabeba baiskeli begani, nikapanda juu, nikazunguka vichakani. Huko vichakani kulikuwa na mbigili.

Hapa ndipo ninapowaonea wivu Waholanzi kweli, na si kwa sababu ya lami yao nyekundu ya njia za baiskeli. Matuta ya Meijendel, nje kidogo ya Den Haag, yamekuwa yakichuja maji ya kunywa ya jiji lile tangu karne ya 19. Kwa hiyo hakuna anayekatiwa kiwanja pale, awe nani. Unapita njia yako, ukikanyaga nje ya njia unafokewa, na pwani inabaki ya wote kwa sababu wote wanainywa. Sasa Kimbiji nako chini kuna hazina ya maji, visima virefu vimechimbwa huko na kule Mpera kwa ajili ya Dar. Nilipofika, nikanunua maji ya chupa.

Lakini nimeruka pancha. Tairi la mbele lilikata roho karibu na Gezaulole, kijiji ambacho zamani kiliitwa Mbwamaji, na ambacho jina lake la sasa watu hulifasiri "jaribu uone". Nilikuwa nimejaribu, nikaona. Sikusukuma hata dakika tano. Chini ya mkorosho alikuwapo mzee na beseni la maji, msasa na kopo la gundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbigili hiyo. Umepita kule ukutani?"

Akavua tyubu, akaizamisha kwenye beseni mpaka mapovu yakatoka, akasugua, akabandika kiraka. Wakati gundi inakauka alishajua baba yangu alifanya kazi bandarini, kwamba sina mume, na kwamba nisipoimwagia cheni maji baridi na kutia oili usiku ule, chumvi itaila. Shilingi elfu moja. Den Haag pancha ya Jumamosi jioni ni ya Jumatatu, bei yake naweza kununua samaki wa wiki nzima, na fundi haniulizi chochote kuhusu baba. Na si pancha tu. Kule naweza kukata kilomita 60 nikifuata vibao vya namba, namba inanipeleka kwenye namba nyingine, nikarudi nyumbani sijafungua mdomo. Gezaulole nilisemeshwa mpaka nikachoka. Vijana waliniita shangazi, watoto walinikimbiza, na ndiyo, walinicheka. Kaka ana haki hapo.

Pa jua ndipo alipokosea. Jua la Julai na kusi vinavumilika, ukianza mapema ukapumzika mchana. Kilichonitisha ni jioni. Bahari ilishajaa, ile sakafu yangu imezama, ikabidi nirudi kwa barabara. Lami inaishia kwa ngazi ya kiganja kizima, halafu mchanga. Lori likipiga honi maana yake ni moja: shuka. Nilishuka sijui mara ngapi.

Kaka akiona picha za Uholanzi anadhani wale walizaliwa na baiskeli. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa barabarani kule, zaidi ya 400 kati yao watoto, kwa sababu magari yalikuwa yameachiwa kila kitu. Wazazi wakaandamana, watoto wakalala na baiskeli zao katikati ya barabara, kisha mafuta yakapanda bei mwaka 1973 na serikali ikafunga magari siku za Jumapili. Zile njia zilidaiwa.

Dar nani adai? Waendesha baiskeli wapo tele, ila hatuwahesabu. Tukisema waendesha baiskeli tunawawazia wale wa Jumapili wenye nguo za kubana, au mimi na kofia yangu. Muuza madafu aliyebeba mzigo unaomfunika mgongo, wa mkaa anayeingia mjini usiku wa manane, wa mikate, hao kwetu ni kero ya foleni. Nusu mita ya lami pembeni ingewatosha, na kusema kweli ingenitosha na mimi. Lami nyekundu wabaki nayo.

Kwenye pantoni ya kurudi nilisimama na mmoja wao. Madafu yameisha, Phoenix yake karia imeungwa kwa nondo, na breki hana. Akanionyesha kandambili iliyolika kisigino. Ndiyo breki.

"Dada, nasikia huko kwa wenzetu kila mtu ana baiskeli."

"Kweli. Baiskeli ni nyingi kuliko watu."

"Madafu wanauzaje?"

"Huko hakuna madafu."

Akatazama maji kidogo. "Sasa wanabebea nini?"