Mbaazi Hazihitaji Kujifanya Nyama

Mimi ni mla nyama. Asubuhi ya Jumamosi hupenda supu ya makongoro yenye ndimu na pilipili, jioni za sikukuu hukaa karibu na jiko la mishikaki, na sina nia ya kuacha. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue kwamba haya ninayoyaandika kuhusu chakula kisicho na nyama yanatoka kwa mtu anayepita buchani kila wiki, na ambaye kwa miaka mingi aliamini kwamba sahani isiyo na nyama ni sahani ambayo haijamalizika kupakuliwa.

Imani hiyo ilitikisika katika shughuli iliyofanyika nyumbani kwetu Dar es Salaam, nilipomwalika mfanyakazi mwenzangu, Mtanzania mwenye asili ya Kigujarati, ambaye kwao hawajala nyama kwa vizazi vingi. Nilijua hali yake na nilidhani nimejiandaa. Pilau ilipopakuliwa nilichukua kijiko, nikaondoa vipande vya nyama kimoja kimoja katika sahani yake, kisha nikampelekea nikiwa nimeridhika kabisa. Aliitazama, akanishukuru, akasema kwa upole, "Kaka, huu wali umepikwa kwa supu ya hiyo nyama." Akala kachumbari na ndizi mbivu. Alisema kweli, maana katika pilau yetu nyama huchemshwa kwanza, na supu yake ndiyo huivisha mchele hadi ladha ikaingia katika kila punje. Pilau najua kuipika tangu ujana wangu na bado sikuliona hilo, kwa sababu akilini mwangu mtu asiyekula nyama alikuwa mtu wa kupunguziwa, hakuwa mtu wa kupikiwa.

Lugha yetu wenyewe haikutufundisha kufikiri hivyo. Mtu akiuliza, "Leo mboga gani?" anaweza kujibiwa nyama, dagaa, maharage au mchicha, maana mboga kwa wengi wetu ni chochote kinachoteremshia ugali au wali, na ndani ya neno hilo ng'ombe na kunde wamekaa kwenye mkeka mmoja. Madaraja tumeyaweka sisi, na naamini wengi wetu tuliyajifunza shule ya bweni. Huko maharage yalichemshwa kwa maji na chumvi, bila kitunguu wala nyanya, pengine na wadudu wakielea juu, siku baada ya siku, halafu nyama ikaja siku moja kama zawadi. Mtu aliyelelewa hivyo akipata mshahara wake wa kwanza, hukimbilia nyama na kuyaacha maharage nyuma pamoja na sare za shule. Namwelewa, kwa kuwa nami nilifanya vivyo hivyo. Lakini tulichokichukia hasa ni upishi mbaya.

Tazama mbaazi za nazi zinavyopikwa na mtu anayezijua. Katika mtaa wetu yuko mama anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri, na siku moja nilimwomba anionyeshe. Mbaazi kavu huzilowesha usiku kucha, akazichemsha taratibu hadi zilainike bila kupasuka. Nazi huikuna, akaikamua tui zito na kuliweka pembeni, kisha makapi huyatia maji tena apate tui jepesi. Tui jepesi ndilo huingia kwanza, pamoja na kitunguu, manjano kidogo na pilipili mbichi nzima ambayo haikatwi, ili itoe harufu bila kuchoma. Tui zito huingia mwishoni, na hapo haondoi mkono wake kwenye upawa, kwa sababu tui likiachwa lichemke bila kukorogwa hukatika. Chakula hicho hakina pengo lililoachwa na nyama. Ukitia nyama ndani yake utakiharibu.

Na mbaazi hizo ni zetu. Wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara hulima mbaazi nyingi, na kwa muda mrefu mnunuzi wao mkuu amekuwa India, ambako mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa ni chakula cha kila siku cha mamilioni ya watu, wakiwamo wasiogusa nyama. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha kuagiza mbaazi kutoka nje, bei huku kwetu ilianguka vibaya na wakulima wakabaki na magunia. Ninapokumbuka mwaka ule huumia, kwa sababu katika nchi yenye watu wengi kama hii zao lenye protini nyingi lilikosa walaji, huku sisi wa mijini tukiendelea kuliona kuwa chakula cha asiye na kitu.

Kwa sababu hiyo sivutiwi sana na bidhaa zinazotengenezwa ili kuiga nyama. Nimewahi kununua soseji za soya zilizotoka nje, na bei yake ilizidi ile ya nyama halisi ya buchani. Zilikuwa na viungo vingi na ladha ndogo. Vipande vya soya vikavu, ambavyo Wasabato wengi wamevizoea tangu zamani, naviheshimu zaidi vikipikwa kama soya, katika rosti nzito ya nyanya na pilipili hoho, kuliko vikibandikwa jina la nyama.

Yapo pia nisiyokubaliana nayo. Mwaka 1944 kule Uingereza kilianzishwa chama cha watu wasiokula chochote kitokacho kwa mnyama, hata maziwa na mayai, na tangu hapo wazo hilo limeenea mbali. Anayelifuata kwa hiari yake namheshimu, lakini namsihi asimwambie mama mjamzito kwamba majani na nafaka zitamtosha kwa kila kitu, kwa kuwa vitamini B12 haipatikani kwa uhakika katika mimea, na asiyekula kabisa vitu vya wanyama hulazimika kuipata katika vidonge au vyakula vilivyoongezwa virutubishi. Vilevile simwelewi mtu anayemlaumu Mmasai au Mbarbaig kwa maziwa yake. Katika nyika kavu ambako mahindi hunyauka kabla ya kutoa mbelewele, ng'ombe hugeuza nyasi ambazo binadamu hawezi kuzila kuwa chakula cha mtoto. Lawama hiyo haina haki.

Mwenzangu yule alikuja tena nyumbani Desemba iliyopita. Safari hii tulibandika sufuria mbili. Katika ile ya pili tulikaanga vitunguu hadi vikawa na rangi ya kahawia iliyokolea, tukatia bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, kisha viazi na njegere, na mchele ukaiva kwa maji matupu. Mke wangu aliweka mwiko wa pili kando ya jiko na kuwaonya watoto kwamba mwiko uliotoka kwenye nyama usiingie humo. Mgeni alikula, akaongezewa, na sufuria ile ndogo ilikuwa tupu kabla ya ile kubwa, kwa kuwa nasi tuliishiriki.