Uwezo wa Mhusika Upimwe kwa Nafasi Anayobaki Nayo Mwenzako

Mwenyeji yeyote anayefungua igizo jipya la maandishi mtandaoni, yaani hadithi inayoandikwa na wachezaji kwa zamu, kila mmoja akiwa na mhusika wake, atapokea, mapema au baadaye, fomu ya mhusika anayesimamisha wakati. Umri miaka 19, asili haijulikani, mpole ila akichokozwa hakamatiki, na chini kabisa, kwenye kipengele cha uwezo, sentensi moja tu: husimamisha wakati. Mwenyeji anajibu kwamba uwezo huo umezidi. Mchezaji anauliza: umezidi nini?

Nasema mchezaji ana haki ya kujibiwa. Wenyeji wengi hulichukulia swali hilo kuwa ubishi, wakamwambia apunguze, kisha apunguze tena, mpaka anabaki na mhusika ambaye hakumtaka, na muda si mrefu haonekani tena. Uwezo unazidi pale unapomwacha mwandishi mwenzako hana la kuandika zamu yake inapofika. Ukubwa wake peke yake hauniambii kitu. Mhusika anayeng'oa milima anaweza kuwa mwenzi mzuri kabisa wa onyesho, na mwingine ambaye kazi yake ni kukwepa kila pigo akaua igizo zima. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu naona maigizo mazuri yakisambaratika kwa kukosea kipimo, na waandishi wenye vipaji wakikata tamaa kwa jambo ambalo mazungumzo machache yangelimaliza.

Tatizo hili halikuanza jana. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ulipotoka mwaka 1974, mchawi alipewa idadi maalumu ya vitendo vya uchawi kwa siku, na mwamuzi alikuwa ameketi meza moja na wachezaji. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, na baadaye Richard Bartle, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, wakatengeneza MUD, ulimwengu wa maandishi ambamo kompyuta ndiyo mwamuzi: programu inajua una nguvu kiasi gani, pigo linapita au halipiti, basi. Kisha mwaka 1989 James Aspnes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, akaandika TinyMUD, iliyoweka kando habari za kupanda viwango na kukusanya alama, ikatanguliza kujenga pamoja na kuzungumza. Sisi tunaoandika maigizo kwa zamu tunaishi katika hali hiyo. Hakuna mashine inayojua kama moto wako unaunguza ngao yangu. Tumebaki wewe, mimi na mwenyeji, na kikomo chochote tunachokiweka kina nguvu kadiri tunavyokielewa sote kwa namna moja.

Ndiyo maana siziamini sana zile ngazi za herufi na namba ambazo wenyeji hupenda kuziweka: nguvu daraja B, kasi daraja C, hakuna anayeanza juu ya daraja C isipokuwa kwa kibali. Zinaonekana za haki. Lakini moto wa daraja B ukikutana na maji ya daraja B usiku wa mvua, herufi haisemi lolote, na wachezaji wawili wataanza kugombana nje ya hadithi kila mmoja akiivuta herufi upande wake. Kuna mfano mmoja wa ngazi ninaouheshimu. Mchezo wa Amber Diceless wa Erick Wujcik, uliotoka mwaka 1991, hauna dadu hata moja. Wachezaji hunadiana kwa pointi mbele ya wenzao, kila mmoja akitoa dau lake, ili kujua nani wa kwanza kwa nguvu, nani kwa ustahimilivu, nani kwa vita, nani kwa uwezo wa akili. Kila mtu anatoka pale akijua amezidiwa na nani, na alikubali vipi. Ngazi hiyo inasimama kwa sababu walioipanga ni wachezaji wenyewe, kikundi kidogo, siku moja. Kwenye igizo la mtandaoni ambako watu huingia na kutoka kila mwezi, mpangilio huo unavurugika mgeni wa kwanza anapobisha hodi.

Kilicho na faida kwetu zaidi ni kanuni iliyotoka kwenye mchezo wa mashujaa uitwao Champions, wa mwaka 1981. Humo mchezaji hununua uwezo kwa pointi, na ukiuwekea uwezo wako kizuizi, bei inashuka. Ila kuna sharti: kizuizi kisichomzuia mhusika hakina thamani yoyote. Wenyeji wa maigizo ya maandishi wangelibandika sharti hilo juu ya kila fomu. Nimesoma fomu nyingi za wahusika ambao nguvu zao huisha wakiwa chini ya maji, katika hadithi inayotokea jangwani tangu mwanzo hadi mwisho. Wengine wanadhoofika kwa madini adimu ambayo hakuna mhusika mwingine anayejua kwamba yapo. Huo ni udhaifu wa kujaza nafasi kwenye fomu. Udhaifu wa kweli ni ule ambao mwenzako anaweza kuugundua ndani ya onyesho na kuufanyia kitu.

Vipimo vya muda navyo vinahitaji uangalifu. "Mara moja kwa siku" ni kikomo kinachofanya kazi mezani, ambako siku ya hadithi hupita katika kikao kimoja. Kwenye maandishi ya zamu, vita vya asubuhi moja vinaweza kuandikwa kwa miezi mitatu, na mchezaji aliyetumia uwezo wake kwenye ujumbe wa pili anakaa mikono mitupu msimu mzima. Au kinyume chake: mwenyeji anaruka siku kumi kwa sentensi moja, na ghafla kila mtu amejaa nguvu upya. Afadhali kuhesabu kwa maonyesho, au kwa zamu, au kwa tendo linaloonekana: hawezi kuutumia tena mpaka amelala, mpaka amekula, mpaka mtu amemsaidia kusimama. Hilo la mwisho nalipenda kuliko yote kwa sababu linamleta mhusika mwingine kwenye ukurasa.

Uwezo unaohitaji maelewano marefu kuliko wote, kwa maoni yangu, ni kusoma mawazo. Kumrusha mtu ukutani ni kuugusa mwili wa mhusika wake. Kusoma mawazo yake ni kuingia mahali ambapo mtunzi wake peke yake ana ruhusa, na kuandika humo. Mchezaji anayeandika "akaona kwamba anampenda kwa siri" amemtungia mwenzake mapenzi. Wenyeji wengi wakishaona hatari hiyo hupiga marufuku moja kwa moja, nami sikubaliani nao, kwa kuwa uwezo huu ukishikwa vizuri huzaa maonyesho ambayo hakuna uwezo mwingine unayaweza. Kinachotakiwa ni kugawana kalamu. Msomaji wa mawazo anaandika kwamba anajaribu, anaeleza anavyoingia na inavyomgharimu. Mwenye mawazo ndiye anayeandika kilichopatikana: sura ya mtu aliyekufa, harufu ya chumba, wimbo, au uongo ambao mhusika amejiambia miaka mingi hata akauamini. Hapo msomaji amepata kitu cha kweli, na mwenye siri hakuporwa. Amepata hata zaidi ya hapo, kwa sababu sasa anaweza kupenyeza jambo alilokuwa akitafuta mlango wa kulitoa. Nimeona wachezaji waliouogopa uwezo huu wakiwaomba wenzao wawasome tena.

Utabiri nao uende hivyo hivyo, tofauti ni kwamba mali inayoguswa ni ya mwenyeji. Mtabiri aombe maono, mwenyeji ampe.

Tumrudie kijana wetu wa kusimamisha wakati. Ukimuuliza mchezaji anataka uwezo huo kwa ajili ya onyesho gani, mara nyingi utagundua hataki kushinda. Anataka picha fulani: mvua iliyoganda hewani na mtu mmoja anatembea katikati yake. Au anaogopa, kwa sababu kwenye igizo alilotoka wenzake walikuwa wakimwandikia majeraha bila kumuuliza, na amekuja na ngome. Mwenye hofu ukimpunguzia ngome tu unamthibitishia hofu yake. Muulize kwanza. Baada ya hapo fomu inaweza kuandikwa upya: husimamisha wakati kwa muda anaoweza kubana pumzi; anaweza kusogea, lakini hawezi kumgusa wala kumsogeza kiumbe hai; wakati ukirudi, anahema na magoti yanamlegea, na yeyote aliye karibu anaona. Picha yake ya mvua anayo. Mpinzani wake naye ana mengi ya kuandika: amemwona akitokea mahali pengine, amemsikia akihema, ameanza kuelewa, na safari ijayo atamrushia vumbi ili asiweze kuvuta pumzi. Uwezo haukupunguzwa hata kidogo kwa ukubwa. Wakati bado unasimama.

Mwenyeji anaposoma fomu, kalamu yake nyekundu ielekee kwanza kwenye maneno yasiyo na mpaka. Kamwe. Daima. Chochote. Hawezi kuumizwa kamwe, huponya jeraha lolote, huiga uwezo wa mtu yeyote. Kila neno la namna hiyo ni ushindi wa mezani: matokeo yamekwisha kutolewa kabla timu hazijaingia uwanjani. Mganga anayeponya kila jeraha bila gharama anafuta kazi ya mwenzake aliyeandika jeraha hilo kwa uangalifu, akapanga litakavyombadilisha mhusika wake, na ghafla limefungwa kwa kiganja. Aponye, lakini kovu libaki, au maumivu yahamie kwake, na mwenye jeraha aulizwe kama anataka lipone.

Kanuni ya kuandika jaribio na kumwachia mwenzako tokeo inajulikana kwa wengi, sina haja ya kuirefusha. Upanga unashuka kuelekea begani. Kama unafika, mwenye bega atasema. Dadu za programu zinasaidia pale ambapo wawili wameshindwa kuelewana, ila haziponyi fomu mbovu, kwani lazima kwanza mjue mnapiga dadu kuamua nini.

Nina neno kwa wenyeji, na nalisema nikiwa na heshima kwa kazi wanayoifanya bila malipo. Mwamba ngoma ngozi huvuta kwake. Wanawabana wachezaji kwa vipengele vya fomu, halafu onyesho la tatu anatokea mhusika wa mwenyeji mwenyewe, hana fomu, hana gharama, anajua kila siri na anawaokoa wote. Wachezaji hawalalamiki hadharani, wanapunguza tu kuandika. Mhusika wa kudumu wa mwenyeji ajaziwe fomu ileile, na iwekwe mahali ambapo wote wanaiona. Fomu ikikataliwa, sababu itajwe kwa kuonyesha onyesho ambalo lingekwama, ili mchezaji ajue cha kurekebisha.

Na kikomo kikigundulika kuwa kibaya katikati ya hadithi, kibadilishwe kwa kusema. Wapo wenyeji wanaopendelea kumwadhibu mhusika ndani ya hadithi: analetewa adui ambaye, kwa bahati ya ajabu, uwezo wa mhusika huyo haufanyi kazi kwake, au analaaniwa usiku mmoja bila sababu. Mchezaji anaelewa mara moja kinachoendelea, na anajisikia kufedheheshwa mbele ya wenzake. Mwandikie faraghani, mwambie onyesho lipi lilimkwamisha nani, mkubaliane. Yaliyokwisha kuandikwa yabaki kama yalivyo, na kikomo kipya kianze onyesho linalofuata.

Jambo hilo linawahusu zaidi wahusika wa zamani, ambao huongezewa uwezo kidogo kidogo kwa kila vita walivyonusurika, kila nyongeza ikiwa halali yenyewe. Mwaka ukipita wamekuwa wakubwa kiasi kwamba mgeni hawezi kusimama nao kwenye onyesho moja isipokuwa kama mtazamaji. Kabla ya kukubali nyongeza nyingine, mwenyeji amchukue mhusika mpya kabisa aliyeidhinishwa juzi na kumuuliza mkongwe: ukikutana na huyu kesho, unamwachia afanye nini?