Clomid ya inboksi: nani amesema mayai ndiyo yenye shida?

Muuzaji wa dawa za uzazi mtandaoni huuliza swali moja tu: hedhi yako imeanza tarehe ngapi? Ukijibu, hesabu inapigwa hapo hapo. Kidonge kimoja cha Clomid, dawa ya kupevusha mayai, cha miligramu 50 kila siku kwa siku 5, unaanza kati ya siku ya pili na ya tano ya mzunguko, halafu unapangiwa siku za kukutana na mumeo. Unatuma pesa kwa simu, bodaboda analeta bahasha. Cheti cha daktari hakuna, foleni hakuna, na jirani hajui kitu.

Tena dozi hiyo ni sahihi. Ndiyo ya kuanzia ambayo hata daktari angeiandika. Kwa hiyo mimi siko pamoja na wale wanaomcheka mwanamke anayenunua hivi na kumwita mjinga. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hukutana na ugumba wakati fulani wa maisha yake. Kwetu jambo hilo hubebeshwa mwanamke peke yake: mawifi wanahesabu miezi, na akienda hospitali anakalishwa benchi moja na wajawazito. Kliniki za wataalamu ziko miji mikubwa, na bima mara nyingi haigusi matibabu hayo. Muuzaji wa inboksi anajibu saa nne usiku, na anamwita "dada".

Kuna hoja ya pili upande wa mwanamke huyo, na hii inauma zaidi. Wapo madaktari wenye leseni halali wanaoandika Clomid dakika ya tatu ya mazungumzo, bila kipimo hata kimoja. Ukiandikiwa namna hiyo, umelipia mwandiko tu. Kama cheti ni karatasi tupu, anayeiruka hajapoteza chochote.

Ila cheti kilikusudiwa kuwa mwisho wa uchunguzi, na uchunguzi huo ndio unaokosekana kwenye bahasha. Clomid hufanya kazi kwa kuuhadaa ubongo. Inaziba milango ya estrojeni, ubongo unadhani homoni hiyo imepungua, unamwaga amri zaidi kwa ovari, na yai linapevuka. Ni dawa nzuri kwa asiyepevusha mayai. Kwa anayepevusha vizuri kila mwezi haina la maana la kuongeza; NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, katika mwongozo wake wa 2013, iliwaambia madaktari wasiwape vidonge vya aina hii wanawake ambao ugumba wao haujapatikana sababu.

Na kwetu sababu mara nyingi iko kwenye mirija ya uzazi. Kisonono, klamidia, maambukizi baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika, hata kifua kikuu: vyote huacha makovu. Mirija ikiwa imeziba yote miwili, pevusha mayai hata kumi, hakuna litakalopita. Ikiwa imeharibika nusunusu ni hatari zaidi, kwa sababu mimba inaweza kunasa humo humo ndani ya mrija, ukapasuka, na mwanamke akavuja damu ndani kwa ndani. Kipimo cha HSG, ile picha ya eksirei ya kizazi na mirija, kingeonyesha hilo kabla ya kidonge cha kwanza.

Madhara ya dawa yenyewe nisiyakuze. Wengi hupata joto la ghafla na maumivu kidogo ya tumbo. Macho yakianza kuona ukungu au vimulimuli, dawa inasimamishwa na daktari anaonwa, kwa maana si uchovu. Ovari kuvimba kupita kiasi hadi maji kujaa tumboni hutokea mara chache kwa vidonge, lakini sindano za kupevusha mayai ni habari nyingine. Hatari inapanda, na ndiyo sababu wataalamu hufuatilia kwa altrasaundi. Sindano hizo nyingi hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Muulize bodaboda friji yake iko wapi.

Halafu kuna wanaonunua bila tatizo lolote, wanataka mapacha. Mapacha kwa Clomid hawafiki hata mimba 1 kati ya 10, na wakija, wanakuja na uwezekano mkubwa wa kuzaliwa njiti na wa presha ya mama kupanda. Hapa huruma yangu inapungua.

Kuhusu dawa bandia, Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba bidhaa 1 kati ya 10 za tiba katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni hafifu au bandia. TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya husajili dawa na kukagua maduka, lakini hakuna mkaguzi anayeingia inboksi. Hata hivyo mtandao wenyewe hauna kosa: Kenya ina famasia za mtandaoni zenye leseni, ambako unatuma cheti ndipo dawa ije. Aibu ya benchi ingepungua hivyo, bila kuruka vipimo.

Ambacho sijawahi kukiona katika matangazo haya ni neno kwa mume. Katika karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika, upande wa mwanaume una mchango wake, na kipimo cha mbegu ni miongoni mwa vipimo rahisi kuliko vyote: kujizuia siku 2 hadi 7, kikopo safi, basi. Kabla mke hajameza mzunguko wa tatu wa vidonge, mtu angemwambia mume aende maabara. Sasa nani amwambie, na kwa maneno gani, ndani ya nyumba ambayo mama mkwe tayari ameshatoa hukumu? Kumwandikia muuzaji saa nne usiku ni kwepesi zaidi.